Kabla ya Kwenda Korr, Tuulize

Safari ya Agosti kwa ndugu zetu Warendille bado iko. Lakini niungame jambo, kwa ajili ya wale hawakuwa ibadani.

Mara ile ya kwanza nilipanga mimi. Karatina, Nanyuki, Isiolo, lami tamu mpaka Laisamis, kisha tukaacha barabara kubwa tukaingia kwa vumbi. Lori lilibeba mchele wa Mwea, nyanya za soko letu la Kagio na spika kubwa. Nyanya zilifika uji. Na vijana tuliotaka kuwahubiria walikuwa fora, mbali na ngamia wao, wakifuata majani. Sikuwa nimeuliza mtu. Niliangalia kalenda ya shule zetu tu!

Kiangazi kilikuwa kimekaza, na bado mama mmoja mzee akatuletea maziwa ya ngamia. Mimi nikakataa, eti tumbo. Mpaka leo naona uso wake.

Hebu someni Mwanzo 18. Ibrahimu ndiye mfugaji, ndiye mwenye hema. Wageni waliketi chini ya mti, wakala alichowaandalia. Na katika Luka 10 Yesu anawaambia aliowatuma wale wanachowekewa.

Kwa hivyo mchango wa spika umesimama. Wazee wawili watatangulia, waulize watu wako wapi na mvua inasemaje. Tarehe itatoka huko.

Majina yanaandikwa kwa katibu. Kama huwezi kunywa maziwa ya ngamia, mwambie mapema.