Halifax ahukumiwe kwa alilotenda

Wiki hii kijana mmoja wa ukoo wetu alinijia na riwaya ya C. J. Sansom, Dominion, iliyotoka mwaka 2012. Ilionekana amekesha nayo. Baada ya shikamoo, hata kiti hajakalia, akasema: "Mjomba, huyu Halifax alikuwa msaliti!" Nikamuuliza alimsaliti nani, na lini. Akanifungulia ukurasa. Ushahidi wake wote ulikuwa riwaya, na jambo hilo limenikera hadi leo.

Riwayani, Mei 1940, Lord Halifax anakuwa Waziri Mkuu wa Uingereza badala ya Winston Churchill, anapatana na Hitler, na kufikia 1952 Waingereza wanaishi chini ya kivuli cha Berlin. Kisa kimesukwa kwa ustadi. Lakini Halifax si mtu wa kubuni. Aliishi, akafa mwaka 1959, na matendo yake yameandikwa.

Alikuwa kabaila wa ukoo wa Yorkshire. Kuanzia 1926 hadi 1931 aliitawala India kwa niaba ya mfalme. Gandhi alitiwa gerezani chini ya utawala wake, kisha Machi 1931 wakaketi wawili hao na kutia saini mapatano. Mei 9, 1940, uwaziri mkuu ulipomfikia mkononi akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliukwepa, akisema mtu wa Bunge la Malodi angepata taabu kuongoza serikali vitani. Ni kweli kwamba mwishoni mwa mwezi huo, jeshi likiwa limebanwa Dunkirk, alitaka milango ya amani ichunguzwe kupitia Italia. Hoja yake ikashindwa. Na Hitler alipotoa wito wa amani mwezi Julai, aliyeukataa redioni, tarehe 22, ni Halifax huyohuyo.

Utaniambia riwaya ni riwaya, na mwandishi ana haki ya kuuliza ingekuwaje. Anayo, na simnyang'anyi. Shida yangu ni msomaji anayefunga kitabu akiwa amekariri dhambi ya kubuni, asiijue ya kweli.

Ya kweli ipo, tena inatuhusu. Novemba 1937 Halifax alimtembelea Hitler huko Berchtesgaden. Hitler akadai makoloni ambayo Ujerumani ilipoteza katika Vita Kuu ya Kwanza, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Halifax hakukataa, aliona suala hilo laweza kujadiliwa ndani ya mapatano mapana ya Ulaya. Wakati huo Ungoni na Umatumbi walikuwapo wazee waliozika ndugu zao katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, chini ya Wajerumani haohao. Nani aliwauliza wao?

Basi, shtaka la kuiuza Uingereza namfutia, kwa kuwa hakuiuza. Shtaka la kukubali kuijadili nchi ya watu wengine bila wao kuwapo namwachia, na si peke yake katika serikali ile. Pengine mwandishi mwingine atakuja kuuliza ingekuwaje Tanganyika kama mapatano yale yangefikiwa. Nitaisoma riwaya hiyo kwa hamu. Lakini hukumu juu ya mtu aliyeishi tuitoe kwa alilotenda: ndiyo haki anayostahili, na ndiyo haki wanayostahili wale aliowasahau.