Bustani ya Mungu na Njaa ya Jirani

Ndugu msomaji, je, kitu kizuri kina haki ya kuachwa kama kilivyo, hata pale jirani yangu anapokitaka ili apate riziki? Swali hili nimerudi nalo kutoka safarini, na mpaka leo halijaniacha.

Mwezi wa Februari sisi wazee wa parishi, pamoja na akina mama kadhaa, tulichanga nauli tukakodi basi dogo kwenda kutembelea Hifadhi ya Kitulo. Tulitoka Nyololo kabla ya mapambazuko, tukapita Makambako, tukaziacha mbuga za Usangu upande wa kulia, na tulipofika Chimala tukaiacha barabara kuu. Kutoka hapo njia hupanda mlima kwa kona zaidi ya hamsini. Wengine walinyamaza, wengine walisali. Kule juu, Matamba, tulimkuta kijana aliyepangiwa kutuongoza kwa siku ile.

Uwanda wa Kitulo uko kwenye kimo cha meta 2,600 hivi, katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na sababu kubwa haikuwa tembo wala simba, bali maua. Ipo mimea ya aina zaidi ya 350, na katika hiyo aina 45 ni okidi. Tulikuta maua meupe, ya njano na ya zambarau, yametanda mpaka pale ukungu ulipoyafunika. Watu wazima tulisimama kama watoto.

Mama mmoja aliinama achume ua. Kijana akamwambia kwa upole, "Mama, hapa hatuchumi."

"Hata kwa ajili ya altare?"

"Hata kwa ajili ya altare, mama."

Tulipoketi kula chakula chetu, kijana alitueleza sababu. Chini ya okidi hizo kuna viazi vidogo. Walanguzi huvinunua na kuvipeleka Zambia, ambako husagwa, vikachanganywa na unga wa karanga na kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Mmea huo huweka akiba yake ya mwaka ujao ndani ya kiazi. Basi achimbaye hakuchukua ua la leo tu, amechukua na la mwakani. Kisha akasema, bila kuinamisha kichwa, "Mimi nilisomeshwa kwa viazi hivi. Mama yangu alikuwa akichimba, nami nabeba kapu. Sare yangu ya kwanza ilitoka humu."

Hapo chakula kilinikwama. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilifundisha katika shule moja ya wilaya ya Makete. Wako watoto waliokuwa wakitoweka darasani siku kadhaa, kisha wanarudi na udongo kwenye kucha. Niliwaandika watoro, nikawachapa. Sikumwuliza hata mmoja alikuwa wapi. Kijana yule hakuwa mwanafunzi wangu, lakini angeweza kuwa.

Basi nani aliyekosa? Wapo watakaosema kwamba Mungu aliotesha mimea ili mwanadamu ale, basi mtu na achimbe. Wengine watasema kwamba uzuri ni kazi ya mikono ya Mungu, na auharibuye ametenda dhambi, yamekwisha. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya jambo. Kitabu cha Mwanzo kinaposimulia miti ya bustani ile ya kwanza, chataja uzuri wake machoni na pia kufaa kwake kwa chakula, wala hakitenganishi hayo mawili. Naye Bwana wetu alipowaelekeza watu kwenye maua ya kondeni, hakuwa akisema na watu walioshiba walio matembezini. Alisema na watu waliokuwa na wasiwasi watakula nini na kuvaa nini.

Huko Japani, kila majira ya kuchipua, watu wa mijini hutoka kwa wingi kwenda kuyatazama maua ya micheri, ambayo hayadumu ila siku chache. Hakuna aulizaye faida yake. Lakini wao huketi chini ya miti wakiwa na chakula chao. Ni rahisi kuliheshimu ua ukiwa na kapu la chakula kando yako. Nasi pale Kitulo tulikuwa nalo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ua lina haki ya kuachwa, maana likiisha hatuna uwezo wa kuliumba tena, na watoto wa mchimbaji wenyewe watakuwa wamenyang'anywa. Lakini mtu amwambiaye jirani yake "usichimbe" amejitwika deni. Hawezi kusema neno hilo, akapanda basi, akaenda zake. Hana budi kuuliza: sasa huyu atauza nini, na je, mimi nitanunua?

Nami nakiri jambo moja zaidi. Jioni tuliporudi Matamba tulisimama kununua viazi mviringo, ambavyo ndivyo zao la watu wa huko. Mama mwenye gunia alitaja bei yake. Sisi tuliokuwa tumesimama mbele ya maua kwa machozi, tulianza kuvutana naye, na mimi mwalimu ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwambia apunguze. Akapunguza. Tulifurahi njia nzima mpaka Chimala.

Tumekusudia kurudi mwakani, na safari hii kuwachukua vijana wa kwaya. Nimewaomba wenzangu tukifika kwa yule mama tulipe bei atakayoitaja.