Ari Bila Haki

Soma Waamuzi 7:2–7. Novemba 1914, Waingereza walishuka Tanga na askari 8,000 hivi, wengi kutoka India, wakiwa wamechoshwa na safari ndefu ya bahari. Wajerumani na askari wao Waafrika, 1,000 hivi, wengi wakiletwa kwa treni iliyopita Korogwe, waliwashinda. Mipango mibovu ilichangia, lakini ari nayo iliamua mengi. Hata hivyo, ari hiyo ilitetea ukoloni. Mtu aweza kuwa jasiri upande usio wa haki.

Kwa Gideoni, waoga 22,000 walirudi kwanza. Kisha Mungu akawapunguza hata jasiri 10,000 wakabaki 300, wasije wakajisifu.

Jadilini: Ujasiri wako unamtumikia nani?