Besi ya Marehemu: Tukibadilisha Pikapu, Bado Itakuwa Yake?



Leo nina swali ambalo wengine wataliona ni la mafundi tu, lakini limeigawa kwaya nzima. Kitu alichotuachia marehemu, tukikibadilisha ndani, kinabaki kuwa chake? Na kama hakibaki, tuna haki gani ya kukigusa?

Swali limetoka Kinyangiri, huku Mkalama, mkoani Singida, ninakofanya utume wakati wa likizo. Kwaya ya kigango ina gitaa la besi la umeme, la nyuzi nne. Mzee aliyelipiga kwa miaka mingi alifariki, na kabla hajafa alisema libaki kwaya. Rangi imebanduka pale mkono wake ulipokuwa unaegemea. Sasa vijana wameuza alizeti, wamechanga hela, wanataka kubadilisha pikapu na kuliwekea priampu. Mjane wake, ambaye sote tunamwita Mama, hataki lifunguliwe. "Mkishatoa vya ndani, baba yenu atakuwa amebaki wapi humo?" aliuliza. Hakuna aliyemjibu. Wakanigeukia mimi: "Frateri, wewe umesoma falsafa, tuamulie."

Kwanza tuelewane kinachobadilishwa ni nini. Pikapu ninayosema si ile gari ya kubebea magunia kwenda mnadani. Ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko, zinazokaa chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya waya ule. Ni kanuni ambayo Michael Faraday aliigundua mwaka 1831. Umeme huo unapita kwenye kebo mpaka kwenye spika. Shida ni kwamba waya huohuo unanasa pia mvumo wa umeme wa ukutani. Leo Fender, aliyetoa besi yake ya umeme mwaka 1951, aliigawa pikapu yake vipande viwili mwaka 1957, akavipanga kwa kupingana ili mvumo wa kimoja ufute mvumo wa kingine. Priampu nayo ni saketi ndogo, mara nyingi ya betri ya volti 9, inayoipa sauti nguvu kabla haijatoka kwenye gitaa na kukuwezesha kuongeza au kupunguza sauti nene na sauti kali.

Besi yetu ina pikapu za zamani, za koili mojamoja. Usipoipiga, inavuma. Inavuma wakati wa homilia, inavuma wakati wa mageuzo, mpaka mtu ainuke kwenda kuzima spika. Fundi redio ameshakagua waya wa ethi, amelehemu upya viungo vyote, bado inavuma. Kwa hiyo vijana hawajakurupuka. Wana hoja.

Lakini na Mama ana hoja, tena nzito kuliko wengi walivyodhani. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliitunza meli ya Theseus kwa kutoa mbao zilizooza na kuweka mpya, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni meli ileile. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes wa Uingereza akaongeza ugumu: je, kama mtu angeziokota zile mbao kuukuu na kuziunga tena kwa mpangilio uleule, meli ya Theseus ni ipi? Hebu lete swali hilo Kinyangiri. Fundi akizichukua zile pikapu za zamani, akazifunga kwenye gitaa la bendi fulani pale Singida mjini, sauti ya mzee itakuwa kanisani au ukumbini? Mama hakusoma Hobbes, ila swali lake ni lilelile.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia kwa mfano ambao kila aliyepika kwa kuni anaujua. Akieleza jinsi mwili utakaofufuka utakavyokuwa mwili uleule, ingawa maisha yote chakula kimekuwa kikiingia na kutoka, anautaja moto: kuni zinaungua, unasukumia nyingine, moto ni uleule. Wewe wa leo hukujengwa na chembe zilezile za siku ya ubatizo wako, lakini aliyebatizwa ni wewe, kwa sababu roho yako ndiyo inayoufanya mwili huo kuwa wako.

Hapo rafiki zangu wa kwaya walitaka kushangilia: "Si umeona? Basi tubadilishe!" Nikawaambia subirini. Gitaa halina roho. Aristotle alishaona kwamba kitanda cha mti, ukikizika kikachipua, kitatoa mti, hakitatoa kitanda. Mti una ukitanda kwa sababu ya seremala tu. Vivyo hivyo besi haina ndani yake kitu kinachoishika iwe moja kama mwili wako unavyoshikwa. Inayoishika ni kazi tuliyoipa, na watu wanaoitumia kwa kazi hiyo. Kwa hiyo swali la kuwa ileile au siyo haliishii kwenye waya na sumaku. Linaturudia sisi: tumepewa kwa ajili gani, na tunabadilisha kwa ajili gani?

Na hapa nawaomba tuwe wakweli. Kijana mmoja aliniambia anataka priampu ili besi "igonge" kama zinavyogonga nyimbo za studio za Dar. Mwingine alisema anataka mvumo uishe ili bibi zetu wa benchi la nyuma wasikie maneno ya zaburi. Pikapu ni zilezile, bei ileile, bisibisi ileile. Ila matendo ni mawili tofauti. Hati ya Kanisa kuhusu muziki mtakatifu, Musicam Sacram ya mwaka 1967, inaruhusu vyombo visindikize uimbaji na kuzitegemeza sauti, lakini inaonya visizifunike kiasi cha watu kushindwa kuyasikia maneno. Priampu inaweza kutumika kwa yote mawili. Kitufe cha kuongeza sauti hakijui nia yako. Mungu anaijua.

Sipingi ufundi mzuri. Mzee mwenyewe, naambiwa, alikuwa akibadilisha nyuzi zilizochakaa bila kumwuliza mtu, na hakuna aliyesema gitaa limekufa. Alichotuachia hakikuwa kumbukumbu ya kufungia kabatini. Sisi Wakatoliki tunapaswa kulielewa hilo haraka, maana ukumbusho mkuu tulionao ni tendo tunaloamriwa kulitenda. Besi isiyopigwa, hata kama kila skrubu ni ya kiwandani, imeacha kuwa ile aliyotukabidhi.

Ila kuna badiliko la bisibisi na kuna badiliko la patasi. La bisibisi unaweza kulirudisha: unafungua, unatoa, unahifadhi, kesho anayekuja nyuma yako akitaka anarejesha. La patasi halirudi. Betri ya priampu inahitaji nafasi, na kama haienei kwenye tundu la vitufe, fundi atakwambia achimbe mbao. Hapo mimi nasema hapana. Siyo kwamba mbao ni takatifu. Ila si halali kizazi kimoja kuwaamulia moja kwa moja wafiwa na watoto wa kesho jambo ambalo kingeweza kuliacha wazi. Kwa hiyo tutafute priampu inayoenea bila kuchimba, tena yenye swichi ya kurudi kwenye sauti ya kawaida, kwa sababu nyingi betri ikiisha gitaa linakuwa bubu, na besi bubu usiku wa Pasaka ni aibu. Na tumteue mtu wa kuchomoa kebo kila baada ya Misa; ukiisahau, betri inaliwa bure. Ukikibadilisha kitu, unachukua na mzigo wa kukitunza.

Bado kuna jambo moja ambalo falsafa yangu haikuweza kulifanya. Gitaa ni mali ya kwaya, na kura ya kwaya ingetosha kulifungua. Lakini haki ya kufanya jambo haikupi ruhusa ya kumruka anayeumia. Basi tulikwenda kwa Mama, watu watatu, tukamweleza yote: kitakachotoka, kitakachoingia, kitakachobaki. Alisikiliza kimya huku akipepeta mtama. Mwisho akasema, "Hizo za zamani mtanipa mimi. Na huyo atakayepiga, mniletee nimwone."

Sijui Hobbes angesemaje. Mama atakuwa na sumaku mbili ndani ya kitambaa, zisizotoa sauti yoyote. Kanisani patakuwa na gitaa lenye sauti ambayo mzee hakuwahi kuisikia. Lakini angalia alichoomba kuhusu kijana: hakuuliza mvumo utakwisha kwa kiasi gani, aliuliza ni nani. Alitaka kumjua mtu atakayeegemeza mkono pale rangi ilipobanduka.

Vijana wenzangu, karibu kila tulicho nacho kanisani tumekipokea: nyimbo, desturi za jumuiya, hata benchi tunalokalia. Vingine vinahitaji kufunguliwa na kutengenezwa, na kuogopa kuvigusa si heshima. Ila kabla ya kushika bisibisi, jiulize mambo matatu. Ninabadilisha kwa ajili ya nani? Atakayekuja baada yangu ataweza kurejesha? Na je, nimekwenda kukaa na yule ambaye badiliko hili linamgusa moyoni?

Jumapili hii, mkimaliza Misa, mtafuteni mzee au mama mmoja aliyefiwa na mtu wa kwaya yenu. Mkaeni naye, mmsikilize, na mumwombee marehemu wake kwa jina.