Ubatizo Ni Mali ya Nani?

Mjini Kolwezi na katika vijiji vya bonde la Lualaba, nyumba moja huweza kuwa na watu wa madhehebu matatu au manne. Baba ni Mkatoliki, mama amelelewa na Wametodisti, shangazi husali kwa Wagarenganze, na kijana mkubwa amevutwa na mojawapo ya makanisa ya uamsho. Chakula hula pamoja, na penye msiba hulia pamoja. Lakini siku kijana huyo anapoambiwa ya kwamba maji aliyomiminiwa utotoni hayakuwa kitu, na kwamba yampasa kuzamishwa mtoni ili awe Mkristu kweli, amani ya nyumba hutikisika. Wazazi huona kana kwamba siku ile walipompeleka kanisani walijisumbua bure. Hapo ndipo lizukapo swali linalostahili kufikiriwa kwa utulivu: je, mtu aliyekwisha kubatizwa aweza kubatizwa tena?

Desturi hizi mbalimbali zina historia yake katika nchi hii. Frederick Stanley Arnot, wa jamii ya Ndugu wa Plymouth, alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886. Katika kazi yake na ya wenzake ndimo lilimotoka kanisa la Garenganze, ambalo hubatiza kwa kuzamisha, tena huwabatiza wale tu walioungama imani kwa kinywa chao wenyewe. Mwaka 1910 Mapadre Wabenedikto walifika Katanga wakiwa na desturi ya Kikatoliki ya kuwabatiza hata watoto wachanga, kwa kumimina maji kichwani mara tatu. Wametodisti nao huwabatiza watoto, na hukubali kunyunyiza, kumimina na kuzamisha. Mwaka 1915 William Burton alifika Mwanza, katika nchi ya Waluba, akihubiri ubatizo wa kuzamishwa na, pamoja nao, ubatizo katika Roho Mtakatifu. Wakimbangu, wafuasi wa Simon Kimbangu aliyefia kifungoni Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1951, hubatiza kwa sala na kwa kuwekea mikono, pasipo maji.

Wengi hudhani ya kwamba ugomvi wote ni juu ya wingi wa maji. Sivyo. Didake, kitabu cha Wakristu wa kale sana, chaagiza kubatiza katika maji yanayotiririka, lakini maji yakikosekana, kumimina kichwani mara tatu kwatosha. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo yaruhusu kuzamisha au kumimina. Anayezama na kuibuka aonyesha wazi zaidi kufa na kufufuka pamoja na Kristu. Anayemiminiwa aonyesha kuoshwa. Ishara zatofautiana kwa uwazi, lakini neema ni ile ile. Swali lenyewe liko ndani zaidi: ubatizo ni tendo la nani?

Swali hili lilikwisha kulitikisa bara la Afrika zamani. Mwaka 256 Siprianu, Askofu wa Karthago, alikusanya maaskofu 87, wakakubaliana ya kwamba waliobatizwa na wazushi wabatizwe upya. Hoja yao ilikuwa nzito: asiye na Roho atampaje mwenzake Roho? Papa Stefano alikataa. Alishika desturi ya kuwapokea watu hao kwa kuwawekea mikono tu. Kanisa lilimfuata Stefano. Baadaye Agostino, naye Mwafrika, alieleza sababu: mtu huutoa mkono wake tu, lakini abatizaye ni Kristu mwenyewe. Walakini Siprianu, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, ahesabiwa mtakatifu hata leo. Basi mtu aweza kukosea katika jambo hili bila kuwa adui wa Mungu.

Wafua shaba wa kale wa Katanga waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuru za udongo, wakaimimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Mfuaji aweza kuwa mgomvi au mwenye wivu. Shaba haigeuki kuwa majivu kwa sababu hiyo. Ndivyo ilivyo kwa ubatizo. Kama ungetegemea utakatifu wa mhudumu, nani angejua kwa hakika kwamba amebatizwa? Kama ungetegemea nguvu za imani ya mpokeaji, yampasa kubatizwa mara ngapi yule ambaye imani yake hupanda na kushuka kama maji ya Lualaba kati ya masika na kiangazi?

Wale wanaowabatiza watu wazima peke yao hujibu: mtoto mchanga hajui neno, ataaminije? Jibu la Kanisa ni kwamba zawadi hutangulia shukrani. Mtoto hupewa jina, lugha na ukoo kabla hajaweza kuviomba, wala hakuna aonaye kuwa amedhulumiwa. Hata hivyo, lawama yao ina ukweli unaochoma. Zawadi isiyofunguliwa haimfaidii mwenyewe. Wazazi wanaomleta mtoto kwenye maji, wakafanya karamu, kisha wasimfundishe hata kusali, wao ndio wanaompa kijana sababu ya kusema: "Mimi sikupata kitu."

Tena haki yataka kipimo kimoja kwa wote. Mkatoliki anayehuzunika mwanawe akizamishwa mara ya pili asidai kwamba Mmetodisti anayeingia Kanisani amiminiwe maji upya. Aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na mtu aliyekusudia kutenda atendalo Kanisa, amebatizwa. Yakiwepo mashaka ya kweli baada ya kuchunguza, padri hubatiza kwa sharti, yaani akisema, kama hujabatizwa. Pasipokuwa na maji, kama kwa Wakimbangu, Kanisa Katoliki halioni sakramenti ya ubatizo. Lakini halithubutu kusema kwamba Mungu amewaacha watu hao, kwa maana Yeye hafungwi na sakramenti zake.

Kwa hiyo yule kijana wa Kolwezi asidharauliwe wala asifukuzwe nyumbani. Pengine moyo wake wamtafuta Mungu kuliko mioyo ya wanaomkemea. Anachohitaji ni kufundishwa alichopewa siku ile, na kuonyeshwa matunda yake katika maisha ya baba, mama na wasimamizi wake. Wakikosa kumwonyesha hayo, hoja zote zilizo juu hazitamzuia kwenda mtoni. Na hatia ya safari hiyo haitakuwa yake peke yake.