Je, Kiinimacho ni Uwongo?

Kijana mmoja wa Ubena Zomozi alinifuata baada ya sala ya Ijumaa, akanisalimu kwa adabu, kisha akaniuliza swali ambalo mwanzoni nililiona dogo. Alisema: "Maalim, mimi na wenzangu wanne hukutana kila Jumamosi jioni kujifunza kiinimacho. Tunapoteza sarafu mkononi, tunatoa kitambaa katika ngumi tupu, tunakata kamba na kuiunga. Kila mmoja huonyesha aliloliandaa, wenzake humtafutia kosa, na tumeapiana tusimwambie mtu wa nje siri hizo. Wazee wengine wanatuambia kwamba tunacheza na uchawi, wengine kwamba tunasema uwongo. Lakini sisi hatusemi neno lolote, tunaonyesha tu. Je, mtu aliyenyamaza amesema uwongo?"

Nilimwomba anipe muda. Jambo la uchawi ningeweza kumjibu pale pale, lakini neno lake la mwisho lilinichoma, kwa sababu nitakayoieleza.

Kwanza hilo la uchawi. Katika Kurani Tukufu, Sura Al-A'raf na Sura Ta Ha, tunasimuliwa jinsi wachawi wa Firauni walivyotupa kamba zao na fimbo zao mbele ya Hadhrat Musa a.s. Mwenye kuyasoma masimulizi hayo kwa makini ataona kwamba Mwenyezi Mungu hasemi kuwa kamba ziligeuka nyoka. Anasema kwamba yaliyorogwa ni macho ya watu, na kwamba kamba zilionekana kana kwamba zinakwenda. Badiliko lilikuwa katika macho, wala halikuwa katika kamba. Abu Bakr al-Jassas, mwanachuoni wa karne ya 4 ya Hijra, anataja maelezo kwamba fimbo zile zilikuwa na uvungu uliotiwa zebaki, na kamba zilikuwa za ngozi iliyojazwa zebaki, hata joto lilipozipata zikajinyonganyonga. Ikiwa ndivyo, au ikiwa walitumia hila nyingine, si neno. Yatosha kuona kwamba wanachuoni wetu wa kale hawakuona aibu kutafuta hila ilipokuwa imefichwa. Tena yafaa ikumbukwe kwamba wa kwanza kuanguka kusujudu siku ile hawakuwa watazamaji, bali wachawi wenyewe. Maana aliyeijua kazi ya hila tangu mwanzo wake alijua pia mahali inapokomea, na alipoona jambo lililopita mpaka huo, hakuwa na shaka tena. Mjinga wa hila hana kipimo hicho.

Basi kijana anayejua kupoteza sarafu hana jini wala pepo. Ana vidole vilivyozoezwa. Watu husema mkono ni mwepesi kuliko jicho, lakini sivyo. Mkono wa mtu hauwezi kulishinda jicho linalouangalia. Unaloweza kufanya ni kulipeleka jicho mahali pengine. Mtendaji hunyanyua mkono wa kulia na kuutazama yeye mwenyewe, na watu wote, kwa desturi ya kibinadamu ya kutazama anapotazama mwenzetu, huutazama pamoja naye. Wakati huo mkono wa kushoto, uliotulia kando kama usio na kazi, ndio unaofanya kazi yote.

Wala vijana hawa si wa kwanza kukutana kwa jambo hili. Mwaka 1902 wafanya kiinimacho wa New York waliunda chama chao katika duka lililouza vyombo vya kazi hiyo. Mwaka 1905 wenzao wa London wakaunda kile kiitwacho The Magic Circle, ambacho mpaka leo humtaka mwombaji ahojiwe na afanye michezo yake mbele ya watahini, na mwanachama atoaye siri ovyo aweza kufukuzwa. Charles, ambaye sasa ni Mfalme wa Uingereza, alipokewa humo mwaka 1975 kwa kufanya mchezo wa vikombe na mipira, ambao Warumi waliujua karibu miaka 2,000 iliyopita. Huku Afrika, mji wa Cape Town una chuo cha kufundisha vijana kazi hii tangu mwaka 1980. Wengi katika vyama vya namna hiyo hawaishi kwa kazi hii. Wana kazi zao nyingine, na hukutana jioni kuonyeshana, kukosoana na kucheka. Sioni ubaya katika hilo. Lau vijana wetu wote wangeitumia Jumamosi jioni kuvizoeza vidole vyao, tungekuwa na malalamiko machache zaidi barazani.

Ama kiapo cha siri, hicho nacho peke yake hakina dhambi. Mhunzi ana siri zake na mpishi wa biriani ana zake. Aliyekaa mbele ya mfanya kiinimacho anajua kwamba kuna kitu amefichwa, na ameridhia kufichwa. Hilo ndilo alilolilipia. Seneca, mwenye hekima wa Roma, aliandika kwamba hila za vikombe zilimpendeza kwa kule kudanganywa kwenyewe, na kwamba akishaonyeshwa zilivyofanywa hamu humtoka. Huyo ameridhia. Lakini je, yule asiyejua kwamba kuna kitu amefichwa?

Hapa ndipo swali la kijana lilipoanza kunilemea.

Nilipokuwa mtoto, alikuja shuleni kwetu mtu wa mazingaombwe. Wasomaji wa rika langu wanawakumbuka watu hao, waliokuwa wakitoka shule hata shule, na kila mtoto akatoa senti 50 ili aingie. Mtu yule alichana karatasi za daftari mbele yetu, akazifunga katika kitambaa, akakipulizia, na alipokifungua palikuwa na noti. Hakusema kwamba ana uchawi. Hakusema pia kwamba hana. Alikuwa amevaa kaniki na shanga, akiita majina tusiyoyafahamu, na walimu walikuwa wakicheka pamoja nasi. Nyuma ya darasa, dirishani, walisimama watu wazima wa kijiji, na miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mjane, jirani yetu, ambaye mimi nilimwita bibi.

Hazikupita siku nyingi akatokea mtu mwingine, asiyejulikana alikotoka, akafikia kwa yule bibi. Bibi alikuwa ameuza mbuzi wawili. Mgeni akamwambia kwamba aweza kuzizidisha zile fedha. Akazifunga noti katika kitambaa mbele ya macho yake, akakitia katika chungu pamoja na unga wa dawa, akamwamuru asikifungue mpaka siku ya 7, na kwamba akikifungua kabla ya hapo dawa itaharibika. Siku ya 7 kitambaa kilifunguliwa mbele yetu sote. Mlikuwa na karatasi zilizokatwa kwa kipimo cha noti. Kitambaa kilikuwa kimebadilishwa kwa kingine kilichofanana nacho, hila ile ile tuliyoionea shuleni, isipokuwa imegeuzwa kinyume: kule karatasi zilikuwa noti, huku noti zikawa karatasi.

Majirani walimlaumu bibi kwa ujinga. Yeye alijibu neno moja tu, nalo sijalisahau: "Lakini niliona kwa macho yangu, shuleni, mbele ya walimu."

Nani alimwibia bibi? Hapana shaka ni yule mgeni. Mtu wa mazingaombwe hakuchukua ila senti 50 zetu, na kwa senti hizo alitupa furaha ya mchana mzima. Lakini mgeni asingeaminiwa lau yule wa kwanza asingalimtengenezea njia. Alimwachia bibi imani, akaenda zake. Wala hakusema uwongo hata mmoja.

Tukumbuke tukio la mwaka wa 10 wa Hijra. Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume Mtukufu s.a.w., alifariki dunia, na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakaanza kusema kwamba jua limepatwa kwa sababu ya msiba wa Mtume. Hakuna aliyewafundisha hivyo. Mtume s.a.w. hakuwa amedai lolote. Laiti angenyamaza tu, wangeiongeza imani yao juu yake, na yeye mwenyewe alikuwa katika huzuni ya mzazi, saa ambayo mtu yeyote angesamehewa kwa kunyamaza. Lakini alisimama akawaeleza kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Hakukubali kubaki na sifa ambayo kosa la wengine lilimpa bure.

Kwa kipimo hicho, aliyenyamaza aweza kuwa amedanganya, maadam anajua kwamba mwenzake anaamini lisilo kweli, na kwamba imani hiyo inamfaa yeye aliyenyamaza.

Huenda mtu akasema kwamba kila mwenye akili anajua kuwa ni mchezo. Sivyo, na wala jambo hili si la vijijini kwetu tu. Harry Houdini, mfanya kiinimacho mashuhuri wa Marekani aliyefariki mwaka 1926, alikuwa rafiki wa Arthur Conan Doyle, daktari na mwandishi Mwingereza aliyemtunga Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithini asiyedanganyika. Houdini alimwambia mara nyingi kwamba kazi yake yote ni hila. Doyle hakukubali, alishikilia kwamba Houdini ana nguvu za kiroho ila anaficha. Ikiwa daktari msomi hakuamini hata alipoambiwa waziwazi na mwenye hila mwenyewe, bibi yetu wa dirishani angejuaje, ilhali hakuambiwa kitu?

Houdini huyo huyo alitumia miaka yake ya mwisho kuwafichua watu waliojidai kuzungumza na wafu kwa malipo, akiwaonyesha watu jinsi meza ilivyonyanyuliwa kwa mguu na kengele ilivyolizwa gizani. Naye alikuwa rais wa chama kile cha New York. Yaani alijua mpaka wa kiapo chake ulipo.

Kabla yake sana, katika karne ya 7 ya Hijra, Abdur-Rahim al-Jawbari wa Damascus aliandika kitabu kizima cha kufichua siri za matapeli wa zama zake, wakiwemo waliojidai kugeuza shaba kuwa dhahabu na waliojifanya mawalii. Na mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alieleza katika kitabu chake jinsi wafanya kiinimacho wanavyojifanya kumkata mtu kichwa na kukiweka juu ya sahani kingali kinazungumza. Hakufanya hivyo kwa kuwaonea wivu. Katika nchi yake wazee wa kike walikuwa wakinyongwa kwa kusingiziwa uchawi, naye alitaka mahakimu wajue ni mambo mangapi ya ajabu yaliyo kazi ya mkono tu.

Sisi nasi tunao wazee wa namna hiyo. Katika Usukuma vikongwe wameuawa miaka mingi kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Kuanzia miaka ya 2000 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao, hata Serikali mwezi wa Januari 2015 ikapiga marufuku wapiga ramli. Na Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, inamshika hata anayejidai tu kuwa na nguvu hizo. Mpiga ramli anayetoa sindano au jino katika mwili wa mgonjwa, kisha akamtaja jirani kuwa ndiye mchawi, anafanya kwa vidole vile vile wanavyovizoeza vijana wa Ubena kila Jumamosi. Wao wanaweza kumtambua mara moja. Sisi wengine tutaona jino.

Nilipokutana tena na kijana yule, safari hii pamoja na wenzake wote wanne, niliwaambia haya kama nilivyoyaandika. Nikawaambia kwamba sioni haramu katika mchezo wao maadam wanaanza kwa kusema kwa ulimi, na kwa Kiswahili kinachoeleweka hata na aliyesimama dirishani, kwamba hii ni hila ya mikono. Na kwamba siri ya mchezo ni yao, lakini siri ikiwa inatumika kumwibia mtu au kumsingizia mtu, si yao tena. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, hakupendezwa. Alisema: "Maalim, tukifungua mlango huo, mwaka kesho hatutakuwa na mchezo hata mmoja." Kwa kweli hofu yake ina haki, na sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Wakaenda pembeni wakashauriana kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Waliporudi walisema kwamba watafichua mmoja tu, ule wa fedha katika kitambaa. Watauonyesha shuleni mara mbili: mara ya kwanza kama ulivyo, na mara ya pili polepole, kitambaa cha pili kikiwa wazi. Kamba na sarafu wataendelea kuzificha. Waliniomba niwaite watu wazima pia, nami nimewaahidi kwamba nitapita nyumba kwa nyumba.