Mkaidi ni nani?

Nilipokuwa mwanafunzi Bengaluru, India, kabla vita haijanileta hapa kambini, mwenye nyumba wetu alikuwa na mbwa wawili. Tulimwita Anko, ndivyo wanafunzi wa huko wanavyoita wazee. Mbwa mmoja alikuwa Labrador. Ukisema kaa, anakaa, mkia unapiga sakafu. Wa pili alikuwa Mudhol, mbwa wa kienyeji wa jimbo lilelile la Karnataka, mwembamba, miguu mirefu. Huyo ukimwambia kaa, anakutazama kwanza, kama anauliza: ya nini? Anko akasema hana akili. Akamchapa. Mbwa akazidi kujitenga.

Halafu akaja kijana anayefundisha mbwa. Alileta kamba ndefu na vipande vya kuku. Dakika 5 tu, anaacha kabla mbwa hajachoka. Akamweleza Anko: Labrador amezalishwa akae kando ya mwindaji, angoje kutumwa kuleta ndege aliyepigwa. Mudhol anawinda kwa macho. Akimwona sungura anatoka mbio, bwana wake anabaki nyuma kabisa, na kule mbele hakuna wa kumwamrisha. Lazima aamue mwenyewe. Akingoja amri, sungura ameshafika kwao!

Mwaka 1994 Stanley Coren, mwanasaikolojia, alitoa kitabu kilichopanga mbwa kwa akili ya kazi na utii, akitegemea waamuzi wa mashindano ya utii. Wa mwisho akawa Afghan Hound, naye mwindaji wa macho kama Mudhol. Watu wakalibakiza neno akili tu, utii wakausahau. Jamani, ukipima akili kwa utii, utapata nini kingine?

Najua, kwetu kumfananisha mtu na mbwa ni tusi. Sifananishi watu, nafananisha kipimo. Mwaka jana nilikuwa naandikisha familia mtaani kwetu, kazi ya posho. Mama mmoja akakataa kuweka kidole mpaka asomewe karatasi yote. Foleni ndefu, jua kali, watu wananung'unika. Pembeni ya jina lake nikaandika: mkaidi. Waliotia kidole bila kuuliza niliwaandikia: anashirikiana.

Ninyi wenzangu wa mashirika, sisemi utii ni bure. Mudhol asiyerudi akiitwa atagongwa na lori. Foleni isiyo na zamu humuumiza mwenye mtoto mgongoni. Lakini yule kijana wa Bengaluru alitaka amri moja tu iwe ya lazima, ya kurudi ukiitwa. Zingine, kukaa, kutoa mkono, aliziita mapambo ya wageni. Na sisi amri zetu ngapi ni za lori, ngapi za wageni?

Mwishowe nilimsomea yule mama. Kumbe familia yake iliandikwa watu 5, na wao ni 7. Namba nikairekebisha palepale. Lile neno nikasahau kulifuta, karatasi ikaenda ofisini hivyo hivyo.